Maswali ya wasomaji: eti maji ya Shela yamefika mita 40?

SWALI: Assalam aleikum mwalimu. Mimi ni kijana wa Langoni hapa Lamu. Mjomba wangu zamani aliandika programu kwa Turbo Pascal, lugha ya programu ya enzi za DOS, ya kupiga hesabu za maji, saa za kujaa na kutoka mwaka mzima, na manahodha walikuwa wakija kumuuliza. Ile kompyuta imeshakufa, kwa hivyo nikaipitisha programu kwenye kitafsiri cha lugha za programu kikanitolea ya lugha ya C. Kwenye laptopu yangu ya Windows imekubali, ikatengeneza faili jipya la data na majibu yako sawa. Nikampelekea rafiki yangu mwenye Linux ya biti 64 programu pamoja na lile faili, kwake inasema tarehe 3 Januari maji ya Shela ni mita 40, na saa ndo haieleweki kabisa. Kwenye simu yangu, ndani ya Termux, ile app ya kuendeshea programu za Linux, haimalizi hata kusoma faili la majina ya bandari, inazunguka tu mpaka simu inapata moto. Sijabadilisha herufi hata moja. Kila rekodi ina vitu vitatu: siku ambayo ni Integer, dakika tangu mwaka uanze ambayo ni LongInt, na urefu kwa sentimita ambao ni Integer. Nani anadanganya hapa?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Hakuna anayedanganya, wote watatu wamefuata sheria za C vizuri tu, na hapo ndo penye shida yenyewe. Ila kwanza nikuombe kitu, usimpe nahodha yeyote karatasi ya programu hii mpaka tumalize. Bamvua kubwa kabisa huku kwetu haifiki hata mita tano, hiyo 40 kila mtu ataicheka, lakini kosa la nusu mita hakuna atakayelishtukia mpaka chombo kikae juu ya fungu.

Sasa sikiza. Kwenye Turbo Pascal ya mjomba Integer ni baiti 2 na LongInt ni baiti 4 (baiti moja ni biti 8), imekwisha, haibadiliki. Kitafsiri kimeandika short pale penye Integer na long pale penye LongInt, na ukisoma unaona ni sawa kabisa. Lakini long ya C ni kama dhiraa. Fundi wa jahazi kule Matondoni akipima kwa mkono wake, dhiraa yake ni kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole, na mwenzake mwenye mkono mrefu naye anaita dhiraa vile vile. Sheria za C zinasema tu long isipungue biti 32. Windows wameiacha kwenye biti 32 hata mashine ikiwa ya 64, Linux ya biti 64 wameifanya 64. Neno moja, mikono miwili.

Halafu kuna la pili linalokaa juu ya hilo. Rekodi ya Turbo Pascal imebanwa, 2 na 4 na 2 ni baiti 8. Kompaila ya C, yani kile kinachogeuza maandishi ya C kuwa programu ya mashine, inapenda namba ya baiti 4 ianzie mahali panapogawika kwa 4, kwa hivyo inaacha nafasi tupu katikati na mwisho, manake kwako Windows rekodi ile ile imekuwa baiti 12, na kwa rafiki yako yenye long ya baiti 8 imefika baiti 24. Yeye akisoma rekodi moja anameza mbili zako kwa pamoja. Nimekaa na kalamu nikafuata baiti moja moja: kwake urefu unaanzia baiti ya 16 ukihesabu kutoka sifuri, na kwenye faili lako baiti ya 16 ndipo inapoanzia dakika ya rekodi ya pili. Kwa hivyo hiyo mita 40, yani sentimita 4000, wala si urefu, ni dakika 4000 tangu mwaka uanze, ambayo ni siku 2 na saa 18 na dakika 40. Tarehe 3 Januari saa kumi na mbili na dakika arubaini jioni! Programu ilikuwa inakutajia saa ya maji ikidhani inakutajia kimo chake. Na saa ndo haikueleweka kwa sababu pale alipotafuta dakika amekuta urefu umechanganyika na siku ya rekodi inayofuata.

Dawa ni mbili na zote uzitumie. Ya kwanza, acha short na long kwa data yoyote inayokwenda kwenye faili, tumia int16_t na int32_t kutoka stdint.h, ziliingia kwenye C ya 1999 na kompaila zote za leo zinazo. Hiyo ni sawa na kupima kwa futi ya chuma badala ya mkono. Ya pili, na hii watu wengi wanaiona ni kazi bure mpaka yawafike, usimwage rekodi nzima kwenye faili kwa fwrite wala kuivuta kwa fread, kwa sababu hata ukirekebisha upana zile nafasi tupu bado zipo. Soma baiti mwenyewe kisha uziunge:

dakika = (uint32_t)b[2] | (uint32_t)b[3] << 8 | (uint32_t)b[4] << 16 | (uint32_t)b[5] << 24;

Hapo b ni safu ya unsigned char yenye baiti 8, kama alivyoziandika mjomba, na baiti ndogo inatangulia kama zilivyokuwa kompyuta za DOS. Mstari huu utakupa jibu moja kwenye mashine yoyote, hata ile inayoweka baiti kubwa mbele. Siku na urefu fanya vivyo hivyo kwa baiti mbili mbili, ila kwenye urefu uwe macho: maji yakitoka sana wakati wa bamvua kipimo kinaweza kwenda chini ya sifuri, kwa hivyo ukipata zaidi ya 32767 toa 65536. Na faida kubwa ni kwamba ukifanya hivi disketi za mjomba zikipatikana utazisoma moja kwa moja, hakuna haja ya faili jipya. Ukikuta humo Real, hiyo ni namba ya baiti 6 ambayo C haina mfano wake, itabidi uifungue kwa mkono: baiti ya kwanza ni kipeo, unatoa 129, na biti ya juu kabisa ya baiti ya mwisho ndo alama ya hasi.

Faili lenyewe ulifungue kwa "rb" siyo "r". Linux hakuna tofauti, lakini Windows ukifungua kama maandishi, ikikutana na baiti yenye thamani 26 inadhani faili limekwisha, na urefu wa sentimita 26 si jambo la ajabu kwenye maji yaliyotoka.

Simu je? Nina hakika karibu yote kwamba kuna mahali pameandikwa char c halafu lupu inasubiri c iwe sawa na EOF. EOF ni alama ya mwisho wa faili, nayo ni namba hasi, kwa kawaida -1. Laptopu zenu zina prosesa ya x86 na huko char inakubali hasi. Kwenye simu ya Android yenye prosesa ya ARM char haina hasi, inaishia 0 mpaka 255, kwa hivyo -1 inageuka 255 na lupu inangoja kitu ambacho hakitakuja kamwe. Andika int c, basi. Kuna watu watakwambia weka -fsigned-char kwenye kompaila, itapona kweli, lakini utakuwa umeficha ugonjwa na atakayekuja nyuma yako ataukuta.

Na nikwambie jambo ambalo mimi nalishikilia sana, usirekebishe kwa mkono kile kilichotoka kwenye kitafsiri, mistari mia hapa mia pale, manake siku utakapogundua mjomba alikosea kitu ukaitafsiri upya, kazi yako yote inafutika. Rekebisha kwenye Pascal penyewe au kwenye mipangilio ya kitafsiri, na yale ya kusoma na kuandika faili yaweke kwenye faili lako la C pembeni. Kisha kompaili kwa gcc na kwa clang pia, ambazo ni kompaila mbili tofauti za C, na -std=c99 -Wall -Wextra -Wconversion, usome maonyo yote, halafu mara moja uiendeshe na -fsanitize=undefined, inayonasa makosa ambayo C haikuyawekea jibu. Toa jedwali la Januari kwenye mashine zote tatu ulinganishe na diff, amri inayoonyesha mistari iliyotofautiana, na kama mjomba ana karatasi yoyote ya zamani aliyoichapisha, hiyo ndo hakimu.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Niko Malindi, nami nimetafsiri Pascal kwenda C. Kwenye gcc inakubali, clang inakataa inasema huwezi kuandika funksheni hapo. Pia nataka baadaye niiweke kwenye Arduino Uno, kile kibao kidogo cha kompyuta. Itawezekana?

JIBU: Marahaba. Pascal inaruhusu procedure (funksheni isiyorudisha jibu) ndani ya procedure, C hairuhusu, ila gcc ina nyongeza yake ya kuikubali na kitafsiri chako kimeitegemea. Itoe funksheni ya ndani iwe nje, na vile vigezo ilivyokuwa ikiviazima kwa mama yake viweke kwenye strakti moja, yani rekodi ya C, umpe pointa, yani anwani yake.

Arduino Uno itawezekana, lakini kwenye Uno za mpaka R3 int ni biti 16. Mfano siku * 1440 ya kupata dakika: kwenye laptopu hakuna neno, kwenye Uno siku ya 22 itapita salama na siku ya 23 ni 33120 imeshavuka 32767, kwa kawaida utaona -32416. Andika (int32_t)siku * 1440. Hiyo alama ya kugeuza iwe kwenye siku kabla ya kuzidisha, ukiizungushia jibu lote utakuwa umechelewa.