Uchovu na njaa kali baada ya baiskeli: yaliyonipata njia ya Bahi

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini kila Jumamosi unapotoka Ilazo, hapa Dodoma mjini, kwenda Chamwino kwa baiskeli na kurudi, mwendo wa kilometa zipatazo 60, unafika nyumbani ukiwa hoi, unalala mchana kutwa, kisha unaamka na njaa isiyotulia hata ukila sahani mbili za ugali. Umeongeza kwamba unaondoka saa kumi na mbili asubuhi ukiwa umekunywa chai ya rangi tu, kwa kuwa unataka kupunguza uzito. Nitakujibu kwa yaliyonipata mimi mwenyewe, maana kwa karibu miaka miwili niliishi na hali hiyo hiyo nikidhani ni umri umeanza kunidai, kumbe sababu ilikuwa mezani kwangu kila asubuhi, kama ilivyo mezani kwako: ile chai ya rangi.

Somo nililipata mwezi wa Agosti, siku tulipokwenda Bahi mimi na mwenzangu. Wanaoijua njia hiyo wanafahamu kwamba ukitoka Dodoma mjini kuelekea Bahi unateremka, kwa sababu mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na Bahi iko chini bondeni kwenye mashamba ya mpunga. Tena upepo wa kiangazi huvuma kutoka mashariki, hivyo unakusukuma mgongoni. Nilikwenda nikijiona shujaa. Tulipofika nikanywa soda moja, nikakataa wali kwa kuogopa tumbo zito, tukageuza. Kurudi ni kupanda, na upepo ule ule sasa ulikuwa usoni. Kabla hatujafika Nala mikono ikaanza kutetemeka, jasho la baridi likanitoka, nikamfokea mwenzangu kwa kosa ambalo hadi leo silikumbuki, na nilipotaka kubadilisha gia nikasahau ni kidole gumba cha mkono upi kinachofanya kazi hiyo. Mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi vitamu vya kuchemsha kando ya barabara alinitazama akasema, "Mwanangu, kaa kwanza ule, hiyo baiskeli haina pa kukimbilia." Nilikula viazi vinne pale pale chini. Baada ya kama dakika 20 akili ilirudi. Miguu haikurudi hadi Jumatatu.

Wenzangu wanaita hali hiyo kukata moto, na maelezo yake si magumu. Mwili huhifadhi wanga katika misuli na katika ini kwa umbo linaloitwa glaikojeni. Kwa mtu wa kawaida akiba hiyo ni takriban gramu 400 hadi 500 kwenye misuli na karibu gramu 100 kwenye ini, yaani kalori zipatazo 2,000 kwa jumla, na ukiendesha kwa bidii inaweza kukaribia kwisha ndani ya saa mbili hivi. Mafuta tunayo ya kutosha, hata aliye mwembamba, lakini mwili huyachoma polepole, na ubongo unategemea zaidi sukari iliyomo kwenye damu, ambayo ini ndilo linaloilinda. Sasa angalia hesabu yako: usiku umelala kwa muda wa saa saba au nane bila kula, na ini limetumia sehemu kubwa ya akiba yake kukulinda usingizini, asubuhi hukulijaza, kisha unaendesha saa tatu kwa kalori 400 hadi 600 kila saa. Njaa unayoisikia saa nane mchana ni deni lililoanza kuandikwa alfajiri, na ndiyo sababu sahani mbili hazilimalizi, kwani misuli iliyomalizwa kabisa huweza kuhitaji siku nzima ya kula vizuri ili ijae tena.

Kwa hiyo mimi nilibadilisha kwanza kile ninachokula kabla. Saa moja na nusu hivi kabla ya kuondoka ninakunywa uji mwepesi wenye sukari, au ninakula chapati mbili, au kiporo cha wali. Kama nimechelewa kuamka, ndizi mbivu mbili na chai yenye sukari zinatosha kuliko kuondoka tumbo tupu. Ugali wa uwele ninaupenda kupita vyote, nimelelewa nao, lakini una nyuzinyuzi nyingi na unakaa tumboni, hivyo nauacha kwa ajili ya jioni, pamoja na mlenda uliotiwa karanga.

Njiani ndipo watu wengi wa hapa tunapokosea, kwa sababu tumezoea kwamba chakula huliwa ukiwa umeketi na umenawa. Safari inayozidi saa moja na nusu inahitaji takriban gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa, na ndizi moja ya wastani ina kama gramu 25. Ninabeba viazi vitamu vilivyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo, kashata, au zabibu kavu, ambazo kwa mtazamo wangu ndizo chakula bora cha mwendesha baiskeli wa Dodoma: nyepesi, haziharibiki kwa jua, na karibu theluthi mbili ya uzito wake ni sukari, hivyo kiganja kimoja kilichojaa ni kama nusu saa ya safari. Zabibu mbichi ni habari nyingine. Msimu mmoja nilinunua kilo nzima njiani, nikaila yote kwa pupa, na tumbo lilinguruma hadi nyumbani. Anza kula mapema, dakika ya 40 au 45 tangu uondoke, wakati bado husikii njaa. Ukisubiri mikono itetemeke, utakula kwa ajili ya kunusurika tu, kama mimi pale Nala.

Lipo pia suala la maji, ambalo kwetu linadanganya kuliko mahali penye unyevunyevu. Hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi ni kavu kiasi kwamba jasho linakauka kabla hujaliona, na unachobaki nacho ni mistari myeupe ya chumvi kwenye fulana. Siku moja nilijipima kabla na baada ya kwenda Chamwino: niliondoka na kilo 74, nikarudi na 71 na nusu, ingawa nilikuwa nimemaliza chupa nzima ya maji. Kila kilo inayopotea kwa namna hiyo ni takriban lita moja ya maji, na upungufu wa kiasi hicho peke yake unaleta kichwa kuuma, uchovu, na hata hisia inayofanana na njaa. Sasa ninachanganya lita moja ya maji na unga wa ubuyu, vijiko 10 vya chai vya sukari na robo kijiko cha chumvi, ninachuja, na ninakunywa kidogo kidogo njia nzima.

Ukifika nyumbani usilale kwanza. Katika saa ya mwanzo misuli hupokea wanga kwa haraka zaidi, kwa hiyo kula hata kabla ya kuoga: wali na kunde, au viazi na maziwa ya mgando. Ongeza protini ya gramu 20 au 25 kwa ajili ya kukarabati misuli; mayai mawili na kikombe kikubwa cha mtindi hufikia hapo. Baada ya hapo lala ukitaka, ingawa mimi siku hizi sihitaji.

Kuhusu uzito, nitasema wazi kwamba katika miaka ile miwili ya chai ya rangi sikupungua hata kilo moja, kwa kuwa kila nilichojinyima asubuhi nilikilipa jioni kwa riba, tena kwa chipsi. Punguza chakula cha usiku siku usizoendesha. Siku ya safari si siku ya kujinyima.

Ikiwa unachoka hata wiki ambazo hukugusa baiskeli, au una kiu isiyokwisha na kukojoa mara kwa mara, usitafute jibu kwenye viazi. Nenda upimwe sukari, wingi wa damu na malaria. Na kama unatumia dawa za kisukari, viwango nilivyotaja zungumza na daktari wako kabla ya kuvijaribu.

Jumamosi ijayo jipime uzito kabla ya kuondoka, kula kabla, beba zabibu kavu na chupa mbili, na ukifika Buigiri, pale karibu na Chamwino, hakikisha moja imeisha. Jipime tena ukirudi. Kama bado utalala mchana kutwa, niandikie hapa ulikula nini, saa ngapi, na tofauti ya uzito ilikuwa kiasi gani, tutafute panapovuja.