Orodha ya sifa si uchambuzi

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Niko S.6, yaani kidato cha sita, hapa Mbale, Uganda. Katika insha yangu juu ya tamthilia ya An Inspector Calls ya J. B. Priestley niliandika kwamba Arthur Birling ni mbinafsi, ana kiburi, anapenda sifa na hajali watoto wake. Kila sifa niliipa mfano. Nimepata 8 kati ya 20. Nimekosea wapi?

JIBU: Mwanangu, hujakosea, hujaanza tu. Hizo sifa nne mtahini wako alizijua kabla hujashika kalamu. Alichotaka ni kuona zinavyofanya kazi ndani ya ule usiku mmoja wa mwaka 1912.

Anza na hotuba ya Birling kwenye uchumba wa binti yake Sheila na Gerald, mwana wa mfanyabiashara mshindani. Umewahi kuhudhuria kwanjula, sherehe ya mchumba kutambulishwa kwa wazazi wa binti. Fikiria baba wa binti anasimama mbele ya wakwe, anawapokea, kisha anasema anatumaini sasa biashara za pande mbili zitaacha kushindana, gharama zishuke na bei zipande. Wageni wangeangalia chini. Birling anayasema hayo kwa furaha, na haoni kasoro yoyote, kwa sababu anaamini kabisa kwamba anaitakia mema familia yake. Ukimwita "baba asiyejali" umempoteza hapohapo. Anajali, ila kwa mizani ya duka.

Halafu hicho "kiburi". Heshima anayoihangaikia Birling bado hajaipata! Mkewe ametoka tabaka la juu kuliko lake, na wazazi wa Gerald vilevile. Anamnong'oneza Gerald kwamba huenda akapewa cheo cha "Sir", mradi tu familia isifikishwe mahakamani wala isizushe kashfa. Huyo ni mtu aliye mlangoni akisubiri kuitwa ndani. Kila analofanya baada ya Inspekta wa polisi kuingia kuuliza juu ya kifo cha msichana lisome kwa hofu hiyo. Eric anapokiri kwamba ameiba pesa za kampuni, baba anawaza namna ya kuziba pengo kwenye vitabu vya hesabu, kisha anamuuliza mwanawe kwa nini hakumwendea. Jibu la Eric, kwamba yeye si baba wa kuendewa na mtoto aliye matatani, lina uchambuzi kuliko sifa zako zote nne.

Angalia pia simu. Wanapoanza kushuku kwamba Inspekta ni bandia, Birling anampigia mkuu wa polisi kuuliza habari za Inspekta. Anayepiga hospitali kuuliza kama kuna msichana aliyekufa ni Gerald. Msichana huyo Birling ndiye aliyemfukuza kiwandani kwa kuongoza mgomo wa kudai shilingi 25 kwa wiki badala ya 22 na peni 6. Linganisha simu hizo mbili na utapata aya nzima bila kutumia neno "mbinafsi".

Najua ulikoitoa orodha yako. Vijitabu vya "maswali na majibu" vinauzwa nje ya shule, siku hizi vinazunguka hata WhatsApp, na baba wa kila tamthilia humo ana sifa zilezile, hata mpangilio haubadiliki. Nimesahihisha insha ambamo Birling alipewa wake wawili na shamba la kahawa, maana mwanafunzi alinakili ukurasa wa tamthilia nyingine. Mwandishi wa kijitabu hakusoma tamthilia, aliyekinunua naye hakusoma, na anayelipa ada ni mzazi. Kuna walimu pia, nasema bila haya, wanaosoma vijitabu hivyo ubaoni kwa sauti kama sala ya asubuhi.

Ugonjwa huo umepanda hadi jukwaani. Kijana akipewa Birling anatunisha tumbo na kupiga kelele kuanzia mstari wa kwanza, kwa sababu ameambiwa ni mtu mbaya. Watazamaji wanamchoka kabla kengele ya mlango haijalia. Mwanzoni Birling anapaswa kupendeza: anamimina mvinyo, anatania, ana uhakika kwamba Titanic haiwezi kuzama.

Isome upya kwa sauti, wewe na mwenzako. Kila Birling anapofungua mdomo, andika pembeni anamwogopa nani wakati huo. Kisha andika insha.