Nichukue Peugeot 404 au 504?

SWALI: Fundi shikamoo, mzee mmoja hapa mtaani anauza Peugeot 404 saluni na jirani yake ana 504, zote zinatembea na bei hazijapishana sana, mimi naipenda 404 ile sura yake ya zamani ila kila mtu ananiambia 504, unanishaurije?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Hizo ni za vipindi viwili, 404 ilitoka 1960 na 504 ikaja 1968, na tofauti utaisikia ukishaingia rafu rodi tu. Ile 404 ina ekseli ngumu nyuma, chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili, lakini 504 saluni nyingi kila gurudumu la nyuma linacheza kivyake kwa hiyo mashimo inayala taratibu kabisa, halafu nyingi zina breki za diski magurudumu yote 4 wakati 404 za mwanzo ni dramu tupu. Kwa safari za kila siku chukua 504, sina wasiwasi.

Lakini 404 usiidharau jamani! Safari Rally ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968, kwenye tope lile lile letu, na hiyo 1966 na 1967 dereva alikuwa Bert Shankland wa Tanzania. Gia yake iko kwenye usukani, utazoea. Injini za zote zina silivu za kubadilisha, yaani mirija ambamo pistoni zinacheza, zikichoka unaweka mpya unaendelea.

Kabla hujalipa lala chini uangalie kutu kwenye sakafu, hiyo ndo inakula hela kuliko injini.