Maswali yenu: samaki ndani ya turbini

SWALI: Turbini za Kaplan (zenye umbo la rafadha) kwenye mto Snake, Marekani, zina mapanga machache na nafasi pana katikati. Samaki wanauawa na nini, na turbini mpya zinazotajwa kuwa salama kwa samaki zina tofauti gani? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Nafasi ni pana turbini ikiwa imesimama. Mapanga 5 yakizunguka mara 90 kwa dakika, kila sekunde hupita mapanga 7.5. Maji yakienda mita 8 kwa sekunde, kati ya panga moja na linalofuata husogea mita 1.07 tu. Kinda wa samoni wa sentimita 15 anaweza kuguswa mara 14 katika 100. Mkunga wa sentimita 80, mara 75. Kuguswa si lazima kufa. Panga nene lenye ukingo wa mviringo husukuma maji mbele yake, na maji hayo humsogeza samaki pembeni. Jembamba humkata.

Wengine hubanwa kwenye mianya, kati ya panga na kitovu au kati ya panga na ukuta. Ila muuaji asiyeonekana ni shinikizo. Chini ya panga hushuka ghafla, na likifika nusu, hewa iliyo katika kibofu cha samaki hutanuka mara mbili. Samoni na mkunga huweza kuitoa kwa mdomo wakipata muda. Sato na sangara hawana njia hiyo, kwa hiyo turbini iliyofaulu kwa samoni isichukuliwe kuwa salama kwa samaki wa Ziwa Victoria kabla ya kupimwa.

Katika bwawa la Ice Harbor, kwenye mto huo wa Snake, gurudumu jipya la turbini lilianza kazi 2019. Linazunguka kama kawaida, ila mapanga yake yameshikamana na kitovu na hayabadilishi mwinamo kama ya Kaplan, hivyo mwanya wa kwenye kitovu umeondoka, na umbo lake linazuia shinikizo lisishuke mno. Majaribio yalionyesha zaidi ya asilimia 98 ya makinda wakitoka hai.

SWALI: Mradi wetu mdogo wa umeme una turbini ya aina ya Francis (maji huingia kutoka pembeni na kutokea katikati) ya mapanga 13, mizunguko 600 kwa dakika, maji mita 1.5 za ujazo kwa sekunde. Mikunga inatoka vipande vipande. Hatuna fedha za turbini mpya. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kwenu hupita mapanga 130 kila sekunde. Hata maji yakienda mita 5 kwa sekunde, nafasi ni chini ya sentimita 4. Mkunga akishaingia, hakuna cha kumwokoa. Mzuieni mlangoni.

Wekeni wavu wa nondo bapa zenye nafasi ya milimita 15 baina yake, uliolala kimshazari ili maji yamwongoze samaki hadi pembeni, kwenye mlango wa mfereji wa kumpitisha. Mbele ya wavu kasi isizidi mita 0.5 kwa sekunde. Gawanyeni 1.5 kwa 0.5: eneo lisipungue mita 3 za mraba. Sisi tungejenga 5, kwa sababu majani yakiziba nusu ya wavu wa mita 3, kasi huwa maradufu na samaki hugandamizwa kwenye nondo hadi afe. Hapo ndipo miradi mingi huharibikiwa: nondo husogezwa karibu, eneo la wavu linabaki lile lile. Fungeni rula mbele na nyuma ya wavu. Tofauti ya vina ikianza kukua, safisheni mara moja.

Mlango wa mfereji uwe na uwazi hadi chini kabisa, maana mkunga husafiri akifuata sakafu. Ndani uwe laini, bila kona kali, na umwage kwenye dimbwi lenye kina, si juu ya mawe.

Mikunga wakubwa huteremkia baharini kuzaliana, hasa usiku wa giza mto unapojaa baada ya mvua. Usiku wa namna hiyo, wavu ukiwa bado haujakamilika, zimeni turbini tangu magharibi hadi alfajiri, na maji yaendelee kupita juu ya bwawa.