Bomba halipigi kelele

Msomaji wetu wa Igoma, Mwanza, ambaye ni fundi wa ukaguzi wa mabomba ya chuma, ameuliza hivi: "Ninatafsiri mwongozo wa kukagua mabomba kwa mawimbi ya altrasoniki yanayoongozwa na bomba lenyewe. Sura moja inaeleza jinsi ya kupunguza 'noizi' katika ishara, yaani vurugu zisizotakiwa zinazoificha. Wenzangu wananitaka niandike kelele, na mmoja ananishauri uvumi. Lipi ni sahihi?"

Si kelele, ndugu yangu, na ninakushukuru kwa kuuliza kabla ya kuchapa, kwa maana neno hili limeniudhi kwa miaka mingi kila ninapolikuta limebandikwa mahali ambapo hakuna sikio. Asili yake ni wingi wa ukelele, yaani mlio mkali wa mtu, na hata lilipopanuka likabeba injini za mitumbwi na muziki wa baa, halikuachana na masikio. Mawimbi unayoyashughulikia wewe hutumwa kwa kawaida katika masafa ya hezi 20,000 hadi 100,000, yaani mitikisiko mingi kiasi hicho kwa sekunde, ilhali sikio zima la binadamu hukomea karibu na hezi 20,000. Fundi huvalisha bomba pete ya vihisio, hutuma wimbi likasafiri makumi ya mita ndani ya chuma, kisha hutazama kwenye skrini mwangwi uliorudi kutoka kwenye maungio na kwenye kutu. Muda wote huo hasikii kitu. Ni kelele ya namna gani hiyo inayotazamwa?

Niliwahi kualikwa kwenye semina katika ukumbi mmoja hapa jijini, ambapo bango la mlangoni liliandikwa "Kupunguza Kelele katika Ukaguzi wa Mabomba". Mzee mmoja aliyeishi jirani na kituo cha pampu alikaa kwenye kiti cha mbele tangu asubuhi, akiamini kwamba hatimaye kuna watu waliokuja kulishughulikia ngurumo linalomnyima usingizi. Alipoonyeshwa michoro ya mistari hadi mchana, aliinuka akaondoka bila kuaga, na sikuona wa kumlaumu isipokuwa aliyeandika bango lile.

Neno tunalo, nalo ni chenga. Runinga ikikosa mawimbi mazuri, hata mtoto wa Nyakato husema picha ina chenga, na hajafundishwa na mtaalamu yeyote. Nalo limetoka kwenye ungo. Mwenye kuandaa mchele hupepeta kwanza ili upepo uchukue makapi, kisha hupembua, yaani huutikisa ungo kwa mkono wa taratibu hadi punje nzima zijitenge upande mmoja na chenga upande mwingine. Makapi ni mepesi, hayamsumbui mtu. Chenga ndizo zenye kazi, kwa sababu ni mchele uleule uliovunjika: rangi ni ile ile, na ladha ni ile ile.

Sasa linganisha na bomba lako. Zipo chenga za nasibu, zitokanazo na vifaa vya umeme, ambazo hubadilika kila unapopima. Hizo ni kama makapi, kwani ukirudia kipimo mara 100 na kuchukua wastani, hushuka hadi sehemu moja ya kumi. Lakini zipo nyingine ambazo hata ukirudia mara 1,000 hurudi zikiwa vilevile, kwa kuwa zimezaliwa na wimbi ulilolituma wewe mwenyewe: ulikusudia wimbi la msokoto pekee, linalolisokota bomba kama nguo inayokamuliwa, pete ikatoa pia mawimbi ya kujipinda ambayo hayakutakiwa, nayo yakatawanyika njiani na kuufunika mwangwi mdogo wa kutu. Huo ni mchele uliovunjika, na wastani hauuondoi, unahitaji kupembuliwa. Mojawapo ya njia ni kuigawa ishara katika kanda nyembamba za masafa na kuzilinganisha, kwa maana mwangwi wa kasoro hubaki mahali pake katika kila kanda, ilhali chenga huhamahama. Anayeziita kelele humfanya mwanafunzi aamini kwamba adui yuko nje ya bomba, na mwanafunzi huyo atahangaika kurudia vipimo siku nzima bila faida.

Kuna watakaosema chenga ni za mpirani. Ni kweli, na kaa ni wa baharini na pia ni la moto, wala hatujawahi kumtia kaa wa baharini kwenye jiko badala ya la moto kwa kukosea neno. Uvumi nauacha upite. Msomaji atadhani bomba linasengenywa. Noizi ya karakana naivumilia, mradi isipande kwenye kitabu.

Kichwa cha sura yako kiandike hivi: "Upembuzi wa ishara kwa ajili ya kupunguza chenga". Upembuzi umeshazoeleka maofisini kupitia upembuzi yakinifu, kwa hiyo hakuna atakayeshtuka. Na kama mwongozo wako una ukurasa unaowaagiza mafundi wavae vizibo vya masikio wanapokaribia pampu, hapo usiguse kitu: iache kelele.