Ukipewa kete nyeusi, usiwe na pupa

Kuna wachezaji wa sataranji ambao wakipangiwa nyeusi tu, wanaanza kunung'unika hata saa haijabonyezwa. Mimi siku hizi nazipenda, hasa mpinzani akija na Gambiti ya Malkia, ufunguzi ambao nyeupe humtoa askari wa c4 kama chambo: d4, najibu d5, c4, naweka e6 (herufi ni safu wima ya ubao, namba ni safu mlalo). Askari wake simli. Capablanca na Alekhine walipogombea ubingwa wa dunia Buenos Aires mwaka 1927, ufunguzi huu wa kukataa gambiti ulichezwa katika michezo 32 kati ya 34.

Panga ubaoni mchezo wa 21, Alekhine akiwa na nyeusi. Capablanca alikuwa ameshacheza a3, na katika hatua ya 15 akasukuma b4 ili amfukuze farasi aliyekuwa c5. Farasi akaondoka kweli. Lakini tazama c4: hakuna tena askari mweupe wa kuulinda mraba ule, na askari harudi nyuma. Farasi yuleyule akapitia d7 na b6, na katika hatua ya 20, ngome zilipolana pale c4, akakaa yeye. Hakuna aliyeweza kumng'oa. Katika hatua ya 32 akaruka akamla askari wa e3, Capablanca akasalimu amri.

Njia hiyohiyo ndiyo iliyonipa ushindi wangu wa karibuni mashindanoni. Mpinzani alilana nami mapema kwenye d5, kisha akapeleka a3 na b4 ili anibane upande wa malkia. Nikamzungusha farasi: d7, b6, c4. Askofu wake angeweza kumla, ila askari wangu wa d5 angejibu, na d5 ingebaki wazi kwa farasi wangu wa pili. Aliwaza sana, akaamua kumvumilia. Tangu hapo malkia na ngome zake zikawa walinzi tu. A3 akaanguka, b4 akamfuata. Hakuna hatua hata moja ya kushangiliwa, na sioni ubaya wowote hapo.

Kwa hiyo mpinzani akisukuma b4, jiulize kwanza ni nani wa kumfukuza farasi akifika c4. Kisha hesabu kama nyeupe anaweza kusukuma askari hadi e4. Farasi mmoja akiwa safarini upande wa malkia, nyeupe hupenda kulipua katikati, kwa hiyo yule wa f6 asiondoke, na ngome iwe tayari kwenye e8. Kama e4 bado inawezekana, farasi wa b6 asubiri.