Gramu saba au gramu kumi? Maswali yenu kuhusu risasi za rivolva

Nafundisha ulengaji hapa Ohio, na wanafunzi wangu wengi ni ndugu zetu waliohamia Marekani. Tangu niandike kuhusu rivolva, yaani bastola za silinda inayozunguka, maswali mengi yamekuwa ya jambo moja: uzito. Kabla sijajibu, tuelewane. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni uzito wa kichwa cha risasi peke yake, si ganda wala baruti, na hupimwa kwa greni. Greni 7,000 hufanya ratili moja. Kwa hiyo kichwa cha greni 110 ni kama gramu 7, na cha greni 158 ni gramu 10 na kidogo.

Shikamoo mwalimu. Nina rivolva ndogo ya risasi za .38 Special, ya mtutu mfupi. Muuzaji ananisukumia greni 110, mume wangu anang'ang'ania 158. Nimsikilize nani?

Marahaba dada. Kwanza muulize shemeji: 158 ya aina gani? Kama ni ile ya kale, ya madini ya risasi pekee, yenye pua ya mviringo, hiyo hupenya kama sindano na kutoka upande wa pili, na polisi wa hapa waliilalamikia miaka mingi. Kama ni ya madini laini ya risasi, bapa mbele, yenye tundu kwenye ncha na alama ya +P (msukumo mkubwa kuliko kawaida) ubavuni mwa boksi, basi shemeji anajua anachosema. FBI, wapelelezi wa serikali ya shirikisho, waliibeba hiyo tangu miaka ya 1970.

Muuzaji naye hakudanganya. Kichwa chepesi hutoka kwa kasi zaidi na teke lake, yaani mshtuko unaorudi mkononi, huwa dogo kidogo. Shida ni mtutu wako. Haufiki sentimita 5, na baruti haipati nafasi ya kusukuma ipasavyo. Kichwa chenye tundu huhitaji kasi ili kifunguke. Kikikosa kasi, tundu linazibwa na nguo na kichwa kinabaki vilevile. Kikifunguka mapema huku ni chepesi, kinasimama njiani.

Hilo la kusimama njiani lina historia. Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, maofisa wa FBI walipambana na majambazi wawili. Risasi moja ya milimita 9, kichwa cha greni 115, ilipita mkononi mwa jambazi, ikaingia kifuani na kuishia kabla ya kufika kwenye moyo. Yule mtu aliendelea kupigana, na maofisa wawili waliuawa. Silaha iliyoifyatua haikuwa rivolva, ila somo ni lilelile. Baada ya hapo FBI waliweka kipimo ambacho viwanda vinakifuata hadi leo: kichwa kipenye jeli ya majaribio kuanzia sentimita 30 hadi 45 hivi.

Kwa mtutu wako ningeanza na greni 135 +P iliyotengenezwa mahsusi kwa mitutu mifupi; kampuni ya Speer wanayo. Hakikisha tu kitabu cha bastola yako kinaruhusu +P. Ikikuumiza mkono, soma jibu la mama wa New Jersey hapo chini.

Nikitumia greni 110 napiga chini ya shabaha, nikitumia 158 napiga katikati. Bastola mbovu au mimi ndiye mbovu?

Wala si wewe kaka. Bastola huanza kuinua pua mara tu kichwa kinapoanza kusogea ndani ya mtutu. Kichwa kizito huenda polepole, hukaa mtutuni muda mrefu zaidi, na kinatoka pua ikiwa imeshapanda. Chepesi kinawahi kutoka, kwa hiyo kinatua chini. Rivolva nyingi za .38 zenye kilengeo kisichorekebishwa zilipimwa kiwandani kwa greni 158, na ndiyo maana 158, babu wa .38, anaonekana sahihi kuliko wajukuu. Kilengeo chako hakiongopi. Chagua uzito unaotua pale unapolenga, kisha kaa nao. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba hiki ndicho kipimo cha kwanza, kabla ya jina la kiwanda.

Nimenunua rivolva ya .357 Magnum nyepesi kama simu. Nasikia greni 125 ndiyo mfalme?

Ilikuwa mfalme kwenye rivolva nzito za polisi zenye mtutu wa inchi 4. Yako soma ubavuni mwa mtutu: Smith & Wesson wameandika kwenye baadhi ya modeli hizo kwamba kichwa kisipungue greni 120, kwa sababu risasi nyepesi za magnum hutoa moto unaokula chuma.

Ukienda upande wa pili, kwenye vichwa vizito vyenye teke kubwa, kuna balaa jingine. Mshtuko huvuta vichwa vya risasi zinazosubiri hadi vichomoze na kuzuia silinda isizunguke. Jaribu hivi: jaza silinda, fyatua zote isipokuwa moja, kisha itoe hiyo uilinganishe na mpya kutoka kwenye boksi. Kama imerefuka, usiibebe. Na kusema kweli, kwa bastola hiyo ningetumia risasi ya .38 Special. Inaingia humo bila tatizo, na viganja vyako vitanishukuru.

Nina miaka 61, vidole vina baridi yabisi, naishi New Jersey.

Mama, tafuta greni 148 za kichwa bapa kabisa, zile za mashindano ya shabaha. Teke lake ni dogo. Hazihitaji kufunguka, hukata tundu la upana wao wote hata zikienda taratibu. Kasoro yake ni kwamba kule mbele bapa hakuingii haraka kwenye silinda ukijaza upya. Kwako zina faida nyingine: sheria ya New Jersey inazuia kutembea na risasi zenye tundu kwenye ncha. Nyumbani unaruhusiwa kuwa nazo.

Nimepata rivolva ya kale ya jeshi la Uingereza, imeandikwa .38, lakini .38 Special haziingii.

Usizilazimishe! Hiyo inakula .38 S&W, ganda fupi na nene zaidi. Waingereza waliipa kichwa cha greni 200, polepole na kizito, ndiyo maana huitwa .38/200. Zingine zilichongwa baadaye ili zipokee .38 Special; kama unayo ya hivyo, fundi aione kabla hujafyatua hata moja. Hiyo itundike ukutani; kwa ulinzi, nunua nyingine.

Mimi ni mwanafunzi, viza F-1. Nianze na uzito gani?

Usianze. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda kumiliki silaha au hata risasi moja, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni halali ya uwindaji. Kuazima bastola ya rafiki uwanjani nako kunahesabika. Muone wakili wa uhamiaji kwanza, mimi baadaye.